Besi Iliyovuliwa Nguo Jeppestown

Hii hutaiamini. Nakwambia mapema usije ukanikatiza njiani kwa maswali: hakuna aliyewahi kuiamini, hata walioiona kwa macho yao wanaikana, na mmoja wao ni mchungaji. Lakini kweli haiachi kuwa kweli kwa sababu tu imesemwa na mtu wa Tanga.

Yupo hapa Jeppestown, Johannesburg, fundi cherehani mmoja, Mkongo wa Lubumbashi, jina lake Placide. Mrefu, mkimya, vidole vyake kama ndizi mkono wa tembo. Ukimwona anatunga uzi kwenye sindano utadhani mtu anaingiza ng'ombe chooni. Lakini anamwingiza. Siku sita za juma hubadilisha zipu na kupunguza suruali za walinzi waliogawiwa sare za watu warefu. Siku ya saba hupiga gitaa la besi kanisani, ghorofani, juu ya gereji ya kunyoosha magari.

Sasa shika jambo moja, maana bila hilo utachekea pasipo pa kucheka. Gitaa lile si lake. Lake aliliuza mwaka alioingia nchi hii, likageuka unga na mafuta ya kupikia, na tangu hapo hajapata jingine. Hili ni la kanisa. Juma zima hulala ofisini kwa mchungaji wao, Pasteur Gaston, chini ya kufuli, na Placide hukabidhiwa Jumapili asubuhi kama baba aliyeachika anavyokabidhiwa mtoto: mchukue, cheza naye, mrudishe kabla jua halijazama. Ukimtoa Placide katika kanisa lile umemtoa kwenye besi, na ukimtoa kwenye besi umebaki na cherehani inayovaa miwani.

Maana huyu bwana hakuanza na zipu. Ujanani, mwisho wa miaka ya sabini, alitoka Lubumbashi akaishia Nairobi, akawa mpiga besi wa studio. Mpiga besi wa studio ni kiumbe wa ajabu, na nyinyi mliocheza disko na soul mpaka viatu vikaomba talaka hamjawahi kumsalimu hata siku moja. Jalada la santuri linampiga picha mwimbaji, nywele kama mwavuli, suruali inafagia barabara. Aliyekutikisa kiuno hayumo pichani. Yeye aliingia kwa mlango wa nyuma, akapiga, akapewa soda na nauli, akatoka. Ndivyo ilivyokuwa huku kwetu, na huko Marekani nako si ajabu. Besi uliyoposea mke ilipigwa na mtu ambaye jina lake hata mwimbaji hakulijua.

Kazi hiyo ina sheria yake, na Placide aliishika kuliko katekisimu. Mwenye studio akisema punguza, unapunguza. Akisema ongeza, unaongeza kidogo, kisha unangoja asahau. Hubishani na mtu anayelipia mkanda. Unasema "Sawa," unainamisha kichwa, unapiga anachotaka.

Kwa sheria hiyo, siku moja alimpigia bibi mmoja mwimbaji wimbo wa disko. Besi yenyewe noti saba, na katikati pengo. Wimbo ukatamba msimu mmoja, ukafa. Bibi akaolewa, akaacha muziki. Kwenye santuri liliandikwa jina la bibi, la mwenye studio, na la mchoraji wa jalada. La Placide ungelitafuta kwa tochi.

Miaka ikapita, akawa Johannesburg, na Pasteur Gaston akapanda kile kilima cha mawe cha Yeoville wanakokwenda watu kufunga na kuomba. Akashuka midomo imekauka na wimbo mpya wa sadaka mkononi. Akasema ameletewa kutoka juu. Maneno labda aliletewa, siwezi kubisha, sikuwepo. Ila besi hakuletewa. Alimwambia Placide, "Weka kitu pale chini." Placide akaweka alichokuwa nacho, zile noti saba za Nairobi.

Na kwa Wakongo, sadaka haipitishwi vitini kimyakimya kama kodi ya pango. Sadaka inachezwa. Kapu linawekwa mbele, watu wanatoka kwa mistari, mama leso juu, pesa juu, hatua mbili mbele, moja nyuma, ili Mungu na majirani waone. Jumapili baada ya Jumapili ile besi ikaifundisha miili yao, mpaka haikuhitaji tena ruhusa ya kichwa. Ikilia, mkono unaingia mkobani wenyewe.

Hapo ndipo nyoka alipoingia bustanini. Mwaka 2017 DJ mmoja wa hapa Jozi aliokota ile santuri ya Nairobi, sijui wapi, akaikatakata, akaitia ngoma za siku hizi, na mji mzima ukaanza kuichezea. Nyuma ya ngoma zote hizo, besi ilikuwa ile ile.

Jumamosi moja mchana Mama Arlène alikuwa anapita Jules Street. Huyu ni mwenye saluni kule Troyeville na mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye hata soda anaitazama kwanza kama imechacha. Akafika mbele ya baa. Ndani ya baa wimbo ukalia. Mama Arlène, anasema mwenyewe, aliona giza kidogo. Mkono ukaingia mkobani, pesa ikatoka, ikapanda juu. Hatua mbili mbele, moja nyuma, akaingia baa akicheza, leso inapepea, walevi wakimpisha njia kama bahari ya Musa. Na unajua baa za hapa, muuzaji hukaa nyuma ya nondo, kaacha kidirisha tu. Mama Arlène akafika kidirishani, akafumba macho, akaweka sadaka yake, akasema, "Amina."

Muuzaji, kijana wa Kizulu mwenye adabu zake, akampa haki yake: chupa kubwa ya bia, baridi, inatoka jasho.

"Sharp, Mama," akasema, yaani mambo safi.

Alizinduka nje, kwenye robot, ndizo taa za barabarani, chupa mkononi, kilemba kimemwendea upande. Na upande wa pili wa barabara, na mfuko wake wa samaki wakavu, alikuwa amesimama Mama Marthe, mke wa Placide.

Marthe hakumwambia mtu. Aliwaambia wote. Jioni habari ilikuwa imefika Yeoville, ikanywa chai, ikarudi Troyeville na chupa zimekuwa mbili. Kosa lake ni kwamba hakupiga hesabu ya mbali. Maana Mama Arlène alipoitwa na Pasteur kujieleza, alijieleza vizuri sana.

"Si miye, Pasteur. Ni miguu. Miguu ilisikia besi ya Placide."

"Besi ya Placide iko baa?"

"Iko baa, iko mzima, inakunywa na bantu!"

Basi jiwe alilorusha Marthe likazunguka angani likamwangukia mumewe. Pasteur akatangaza: Jumamosi ijayo mchana besi itachunguzwa na wazee. Ikionekana ni ya dunia, gitaa linauzwa, kanisa litabaki na kinanda.

Usiku Placide hakula. Marthe alimwekea sombe, kisamvu cha kwao, akaitazama kama anayeagana nayo.

"Papa Héritière," Marthe akasema, maana Héritière ndiye binti yao wa kwanza, "sema ukweli. Sema ile besi ni yako, ulipiga Nairobi, hata hawa ba-DJ bamekukuta."

"Karibu miaka makumi ine, Mama Héritière, hakuna mutu aliuliza nani alipiga ile besi."

"Njo leo banauliza!"

"Banauliza ili bafukuze."

Marthe akaifunika ile sombe kwa sahani. Na Placide akabaki na uchungu wake, akiugeuza kama kitambaa kisicho na upande wa nje. Maisha yake yote alitamani mtu mmoja, hata mlevi, asikie ule mstari aseme: nani huyu? Sasa wameuliza. Akijibu, atakuwa amemtia Mama Arlène bia mkononi kwa jina lake kamili. Akinyamaza, gitaa linauzwa.

Jumamosi ikafika. Viti vya plastiki vitatu mbele: Pasteur Gaston katikati, koti la rangi ya zambarau; kulia Mama Arlène, uso umekunjwa kama bahasha; kushoto Mzee Cédric, mlinzi wa ghala na mzee wa kanisa, ambaye kiunoni ananing'iniza funguo za milango mingi kuliko anayoilinda. Marthe kasimama mlangoni. Hakuitwa, lakini nani angemfukuza?

Pasteur mwenyewe alikuwa kwenye mtego mbaya kuliko Placide. Mzee Cédric alikuwa ameshamwonyesha kwenye simu kwamba ule wimbo ni wa mwaka sabini na tisa.

"Kumbe ni wa zamani kuliko ile siku ya mlimani, Pasteur," Cédric alisema kwa heshima zote.

Pasteur alifikiri kidogo. "Shetani aliusikia mbinguni kabla hajafukuzwa. Akauiba mapema."

"Ah! Njo vile."

"Kwa hiyo wimbo ni wetu. Ni safi. Uchafu uko kwenye besi peke yake. Hatuitupi bila kuipa nafasi. Tutaitakasa. Placide, piga yote."

Placide akapiga yote. Noti saba na pengo. Mzee Cédric akakohoa.

"Ile inayopanda ghafla," Pasteur akasema. "Inapanda kwenda wapi?"

"Inapanda, kiisha inarudia chini, Pasteur."

"Kama inarudi, ilikwendea nini? Toa."

"Sawa, Pasteur."

Akaitoa. Hakubisha, maana mwenye mkanda amesema punguza. Akapiga bila ile, na pale ilipokuwa pakabaki tundu.

"Zile mbili zinakimbizana," akasema Mama Arlène, kidole juu. "Zile njo zilinishika hapa." Akaonyesha kiuno, kisha akaona aibu, akaonyesha bega.

"Toa zote mbili."

"Sawa, Pasteur."

Tundu likawa mlango. Placide akapiga, na katika ule mlango akasikia kitu, chwa, chwa. Zilikuwa funguo za Mzee Cédric. Mwenyewe kakaa wima kama mnara, uso wa hukumu, lakini kiuno pale kitini kilikuwa na mawazo yake.

Placide akaelewa. Aliona wanakokwenda kama fundi anavyoona mteja anayesema "punguza tena kidogo" mpaka gauni linakuwa kitu kingine. Hiyo ndiyo siri ya wapiga besi wote wa zamani, na kwa kuwa hawatajwi, nayo haitajwi: mtu hachezi noti, anacheza pengo. Noti inamwonyesha pa kukanyaga. Pengo linamwacha hewani, na aliye hewani lazima ashuke, na kiuno ndicho kinachotangulia kushuka. Wale wazee watatu walidhani wanang'oa magugu. Walikuwa wanafungua madirisha.

Angeweza kusema. Lakini angesema nini? "Pasteur, mnaiharibu kwa kuinogesha"? Huo ni ubishi, na yeye tangu Nairobi hajabishana na mwenye mkanda. Zaidi ya hapo alikuwa na hofu, maana kila noti iliyotoka ilikuwa yake, na alijua ikitoka ya mwisho atatoka nayo, ashuke zile ngazi za gereji mikono mitupu.

"Ile inateleza mwishoni kama mutu amelewa," akasema Mzee Cédric, anapangusa jasho.

"Toa."

"Sawa, Pasteur."

"Na ile ya pili. Inamfuata ya kwanza kwa nini? Ina shida gani naye?"

"Sawa, Pasteur."

"Na hiyo nyingine."

"Sawa."

Ikabaki moja. Ile ya mwanzo, ya chini kabisa, inayopigwa mzunguko unapoanza.

Pasteur akavuta pumzi. "Na hiyo?"

Hapo Placide akavunja sheria. Aliweka kiganja juu ya nyuzi, akainua kichwa. "Hii moja, Pasteur, ukiitoa, na miye nimetoka. Uniambie tu, niweke gitaa kwa ofisi."

Kule chini nyundo ya gereji ikagonga bodi ya gari mara moja, ikaacha. Marthe akashika fremu ya mlango.

"Tuisikie kwanza," akasema Pasteur.

Placide akaipiga. Moja. Kisha akangoja. Na alivyongoja, jamani! Alingoja kama aliyekopesha. Ile noti ilikwisha, hewa ikabaki wazi, pana kama uwanja wa mpira, na kila aliyekuwa mle ndani akajikuta ameinama mbele kidogo kuitafuta nyingine. Moja. Akangoja. Marthe akapiga kofi katikati ya pengo, hakukusudia. Moja. Funguo za Mzee Cédric sasa zilikuwa bendi kamili. Moja. Mama Arlène akasimama akisema, "Hapana, hapana, hapana," na kila "hapana" ilikuwa hatua, mbili mbele, moja nyuma, mkoba uko wazi.

Placide hakutazama juu. Sheria nyingine ya studio: usimtazame mteja anapoharibikiwa. Alipoinua macho, Pasteur Gaston alikuwa amesimama mbele ya kapu tupu la sadaka, koti la zambarau limemvuka mgongoni, goti moja limepinda, mkono mmoja juu na pesa yake mwenyewe ndani yake. Mchungaji anayepokea sadaka miaka yote ile, siku hiyo alikuwa anatoa.

"Simamisha!" Pasteur akapiga kelele. "Simamisha mara moja!"

Placide akafunika nyuzi. Wakatazamana watu wazima wale, wanahema kama waliopandisha friji ghorofa tatu.

Pasteur akarudisha pesa mfukoni, polepole, kwa utaratibu wa ibada. Akakaa. Akajifuta uso.

"Ndugu zangu," akasema, "tumekosea. Zile noti hazikuwa uchafu. Zilikuwa nguo. Tumeivua besi nguo mbele ya ba-mama."

"Mungu wangu," akasema Mzee Cédric.

"Mvishe, Placide. Haraka."

"Nimuvishe zile zile, Pasteur?"

"Zile, na nyingine juu yake. Mvalishe koti. Mvalishe soksi. Nisione pengo hata moja!"

Hukumu ikawa hiyo. Gitaa halitauzwa, Placide atabaki, ila tangu Jumapili ile apige noti bila kupumua. Marthe akapiga vigelegele mpaka wa gereji wakajibu kwa honi. Placide akasema, "Sawa, Pasteur," akashuka ngazi kama mtu aliyeachiwa mke kwa sharti asimwangalie usoni. Kubaki amebaki. Lakini yeye ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kujua pa kunyamaza, sasa amehukumiwa kupayuka.

Jumapili akapayuka. Ulipofika wimbo wa sadaka alizimwaga noti kama mchele uliopasukiwa gunia. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Watu walitoka vitini, wakasimama, wakatazamana, wakaenda kapuni kwa mwendo wa foleni ya vibali, kila mtu kashika karatasi zake na huzuni yake. Mama Arlène alifika mbele bila kujitikisa hata sikio. Ilikuwa ibada takatifu kuliko zote, na kapu lilionekana chini kabisa, mpaka unaona lilivyosukwa.

Pasteur Gaston akachungulia kapu. Akatazama dari, akaombea jambo. Kisha akafungua Biblia, akaiinua mbele ya kifua kama anayesoma, na nyuma ya jalada, upande ule ambao waumini hawaoni, akainua kidole kimoja.

Placide alidhani anaonyesha mbinguni. Akaendelea kumwaga. Kidole kikatikisika, kikamwelekea yeye, kikarudi wima. Kimoja.

Mwenye mkanda amesema punguza.

Placide akapunguza. Akaiacha moja, ya chini, akangoja. Mstari wa mbele ukageuka kama umeitwa. Moja, akangoja. Na katika lile pengo, kabla ya noti nyingine, mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka ndani ya tumbo lake:

"Placide!"

Alikuwa Mama Arlène, leso juu, kasahau baa, kasahau chupa. Yule bwana, na miaka yake sitini, nusura aikose noti iliyofuata. Nairobi nzima haikuwahi kumfanyia hilo. Mtu kasikia besi akaita jina, na jina lenyewe lilikuwa lake.

Tangu siku hiyo utaratibu ni huo. Wimbo wa kwanza hadi wa mwisho besi inavaa koti na soksi, na wazee wanatikisa vichwa kwa utakatifu. Ukifika wa sadaka, Biblia inapanda, kidole kinainuka, nguo zinaanguka. Hakuna anayesema lolote. Kanisa linapaka rangi ukuta mwaka huu.

Lakini hiyo Jumapili ya kwanza, ewe msomaji, ungeiona! Lilipoitwa lile jina, sakafu ilipinda kama chapati. Hosteli nzima ya Wazulu ikamwagika barabarani kwa fimbo na ngao zao, wakadhani mfalme amepita. Polisi wakafunga Jules Street, helikopta ikashuka mpaka usawa wa dirisha, rubani naye leso juu. Watu mia saba mle ndani wakaimba kwa sauti moja, Placide, Placide, na mimi niliyekuwa mstari wa mbele kabisa, bega kwa bega na Pasteur, nikamshika mkono nikamwambia—

"Vieux Mwadini, mzee wangu," akanikatiza Mama Marthe, anayesoma begani mwangu, "weka ile kalamu chini. Kanisa iko na viti makumi ine, na weye ulikuwa kwa gereji unakula magwinya, yale maandazi ya hapa."